Mwezi Haujaandama

Mpira ulipasuka usiku wa kuamkia safari yake.
Hamdun akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayepapasa swichi,
alfajiri akapanda basi la kampuni kwenda Fahud,
siku kumi na nne za mafuta na mchanga,
akaniachia mimi hesabu.

Muzna hajatimiza miezi minane. Mshono bado hunikumbusha
nikiinama kuokota kijiko.
Kidonge kilikuwa kimoja tu, cheupe, hakina hata uzito wa punje ya mchele.
Nilikimeza ndani ya gari, mbele ya kliniki, hapa Ibra,
kwa labani iliyokwisha pata moto.
Nesi Ghanima alisema: Kitakuvuruga kidogo. Usishangae.

Nilishangaa.
Siku ya sita, matone:
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni,
si damu ya kuitwa damu,
doa dogo kama sarafu ya baisa tano,
leo lipo, kesho halipo, kesho kutwa limerudi.
Nikasimama juu ya msala sijui mimi ni nani,
mwenye udhuru, au mvivu wa sala?
Nikajiosha, nikajifunga, nikatawadha upya kwa kila sala,
mpaka vidole vikakunjamana kama vya mfua nguo.

Mavyaa haulizi. Huangalia.
Huangalia msala umekunjwaje,
khanga ipi imeanikwa nyuma ya nyumba,
kwa nini wali nimeuacha.
Ana Kiarabu cha wageni, Kiswahili cha jikoni,
na ukimya ambao miaka mitatu sasa sijaujulia.

Matone yakakatika. Tarehe ikafika,
ikapita bila hata kunipungia mkono.
Siku mbili. Nne.
Nikabonyeza matiti: yanauma, lakini yananyonyesha, yataachaje kuuma?
Nikanusa vitunguu makusudi, nione kama nitatapika.
Wiki ilipotimia nikajifungia bafuni na kile kijiti,
bomba wazi, lipige kelele kuliko moyo.
Mstari mmoja.
Nikaukodolea macho hadi ukaanza kuota kivuli.
Ghanima kwenye simu: Mmoja ni mmoja, Raya.
Kidonge huahirisha. Usipoona kitu, pima tena wiki ijayo.
Huahirisha! Kama mkutano.

Siku ya tisa ya kuchelewa ikaangukia ishirini na tisa Shaabani.
Sebule nzima imegeukia televisheni,
mashemeji wako juu ya paa na darubini ya mtoto,
wanabishana na vumbi la milimani.
Umeandama? Bado. Umeandama?
Nami nazungusha buli la kahawa, kikombe kwa kikombe,
mwezi wangu hauna kamati,
hauna shahidi wa kuapa kwamba ameuona.

Ule wao ukaandama.
Nikala daku. Nikatia nia.

Karibu na adhuhuri, nachambua mchele, ukaja.
Ulikuja bila hodi, mwekundu, mzito,
umenishika kiuno kama mdai aliyechoka kuzungushwa.
Nikaketi juu ya gunia la basmati, stoo,
nikacheka, nikaziba mdomo kwa mtandio, nikacheka tena.
Kisha nikanywa maji. Glasi nzima. Ramadhani, mchana kweupe.

Mlango ukafunguka.
Mavyaa akatazama glasi, akatazama uso wangu.
"Siku zako?"
"Siku zangu."
Hakuondoka. Alikuwa kama anatafuta chumvi.
"Alhamdulillahi," akasema, si kwa sauti ya kumsikilizisha mtu.
"Mimi tisa, Raya. Tisa.
Na huyu wa tano, Hamdun wako,
nilimlilia miezi yote kabla sijamwona."
Akaweka tende mbili juu ya mfuniko wa ndoo,
akauvuta mlango taratibu,
mtu asinione nikila.